Umenunua pikapu ya dizeli iliyotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Njombe. Huku kwetu pikapu ni punda: inabeba viazi, mbolea na mbao, na siku ya msiba inabeba jeneza. Nimenunua tatu za dizeli, zote mkononi, na kila jirani akipata ya kwake huja na maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mifano mingi ni ya Toyota Hilux kwa kuwa ndiyo iliyojaa huku, ila mwenye Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 au Ford Ranger naye hatatoka mikono mitupu. Mimi si fundi. Ni mtu aliyewalipa mafundi wengi, wengine kwa uchungu.

Nimelipa, nimekabidhiwa funguo. Nianze na nini?

Kwanza acha tairi mpya, acha rangi, acha redio. Lichukulie gari kama halijawahi kufanyiwa sevisi tangu litoke kiwandani, uanze kuhesabu sifuri. Wiki ya kwanza shughulika na vitu vinavyoua injini: oili na filta yake, filta ya dizeli, filta ya hewa, maji ya rejeta, na mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vavu na pistoni. Breki nazo zisingoje. Wiki ya pili au ya tatu ingia chini: gia boksi, difu, transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), bushi na boljointi.

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kumaliza hela yote kwenye bei ya gari. Mimi hutenga angalau asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mwezi wa kwanza, na gari la tatu lilikula zaidi ya hapo. Kama huna akiba hiyo, ni heri ununue gari la bei ndogo kidogo ubaki na pesa ya kulitengeneza.

Muuzaji ameniambia oili imemwagwa juzi tu. Nimwamini?

Mwamini kama binadamu, halafu umwage oili.

Dashibodi inasoma kilomita 148,000. Ni za kweli?

Hilux yangu ya pili ilisoma karibu hivyohivyo. Nilifurahi. Siku ya kwanza gereji, kijana aliyekuwa anafuta vumbi kwenye kava la mkanda wa taimingi akaniita: "Mzee, njoo usome hapa." Kulikuwa na stika ndogo ya njano, imekula grisi, imeandikwa kwa kalamu ya wino: mkanda umebadilishwa kwenye kilomita 262,000. Yaani gari lilikuwa limezaliwa upya likiwa barabarani.

Kwa hiyo usisome dashibodi peke yake. Angalia mpira wa pedali ya klachi na breki ulivyoisha, usukani ulivyong'aa, kiti cha dereva kilivyobonyea upande wa mlango, na mkanda wa usalama ulivyochanika nyuzi. Pekua kwenye kava la mkanda wa taimingi, nguzo ya mlango na chini ya boneti utafute stika za sevisi za zamani. Fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari wakati mwingine hukuta kilomita nyingine zimehifadhiwa kwenye kompyuta tofauti na ile ya dashibodi. Hata zikilingana, pikapu iliyokaa porini kwenye mradi, injini ikiunguruma siku nzima huku watu wakipima barabara, imechakaa kuliko namba inavyosema.

Mkanda wa taimingi ni lazima? Mbona gari linatembea vizuri?

Mkanda hautoi taarifa. Leo linatembea vizuri, kesho kwenye mlima mkanda unakatika, pistoni zinakutana na vavu, na unaanza kuuza viazi vya msimu ujao ili ulipe silinda hedi.

Jua kwanza injini yako ni ya aina gani. Hilux za Vigo, zile za kuanzia miaka ya 2004 na 2005 hadi 2015, zenye injini za D-4D, yaani 2KD ya 2.5 na 1KD ya 3.0, zinatumia mkanda. Za zamani zenye 3L na 5L nazo ni mkanda. L200 zenye 4D56 zina mikanda miwili: mkubwa wa taimingi na mdogo wa kutuliza mtetemo, na mdogo ukikatika unaweza kuuchukua mkubwa, hivyo hubadilishwa pamoja. D-Max yenye 4JJ1, Hilux mpya zenye 1GD na 2GD, na Ranger za 2.2 na 3.2 zinatumia mnyororo. Mnyororo hauna tarehe ya kubadilishwa, ila nao huchakaa, hasa kwa gari lililonyimwa oili. Ukisikia mlio wa mnyororo wa baiskeli injini ikiwaka asubuhi, usiuzoee.

Kwenye Vigo kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Huwaka kwenye kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea nchi ambayo gari lilitengenezewa. Taa hiyo inaweza kuzimwa kwa kubonyeza kitufe cha kilomita bila mtu kuugusa mkanda. Kwa hiyo taa kuwa imezimika haithibitishi chochote. Kama hujaona risiti wala mkanda wenyewe, badilisha.

Ukibadilisha, badilisha pamoja na bereng'i na kikaza mkanda. Mkanda mpya kwenye bereng'i iliyochoka ni kutupa hela, kwa sababu bereng'i ikikwama mkanda unakatika palepale. Na kama sili ya mbele inavuja oili, iwekwe mpya siku hiyohiyo. Oili huulainisha mkanda na kuuvimbisha. Baada ya hapo andika wewe mwenyewe stika, ukweli, na uibandike pale pale walipobandika wenzio.

Oili gani, lita ngapi, na nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Kwa injini za D-4D za Vigo inaingia karibu lita 7 ukibadilisha na filta. Wengi hununua galoni moja ya lita 5 halafu wanashangaa kijiti hakisomi. Kwa injini isiyo na chujio la masizi kwenye ekzozi, 15W-40 ya dizeli yenye daraja la API CI-4 inatosha kwa hali ya hewa yetu. Soma nyuma ya galoni: daraja linaloanza na herufi C ndilo la dizeli, likiwa la S peke yake, hiyo ni ya petroli.

Kilomita: vitabu vingi vinasema 10,000 kwa matumizi ya kawaida na nusu yake kwa matumizi magumu. Vumbi, mzigo, milima na safari fupifupi ndiyo matumizi magumu yenyewe, kwa hiyo mkulima wa Njombe ni 5,000. Mara ya kwanza baada ya kununua, mimi hubadilisha, natembea kilomita 1,000 tu, namwaga tena. Oili ya kwanza huosha uchafu wa mwenye gari aliyetangulia.

Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku mbili. Hilo lisikutishe. La kutisha ni oili iliyo kama chai ya maziwa, kwa kuwa hapo maji yameingia, au kijiti kinachoonyesha oili inaongezeka badala ya kupungua. Hiyo inanuka dizeli, na dizeli inaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Wenye Ranger za 2.2 na 3.2 za kuanzia 2011, hili ni lenu: msifungue nati ya oili mkaenda kula. Sampu ikikaa tupu kwa zaidi ya dakika 10 hivi, pampu ya oili inaweza kupoteza uvutaji, na injini ikaja kuwashwa bila presha. Wekeni oili mpya na filta karibu kabisa, mwageni, fungeni, jazeni.

Filta ya dizeli nayo nibadilishe? Mbona gari halijazimika njiani?

Hapa ndipo ningetaka kila mtu atulie asome.

Injini ya dizeli ya kisasa inasukuma mafuta kwenye nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, kwa presha ya zaidi ya baa 1,000. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu. Tone la maji likipita hapo halilainishi chochote. Linakwangua na kuleta kutu. Kinga pekee ni ile filta na kikombe chake cha kutenganisha maji.

Asubuhi ya kwanza nilipoileta pikapu yangu ya pili nyumbani, kabla ya kuiwasha, nilichukua chupa ya maji ya lita moja, nikaikata shingo, nikaiweka chini ya filta. Nikalegeza kiskrubu cha chini kwa vidole, nikabonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Kikatoka kitu cheusi, kisha cheupe, kisha dizeli ya rangi yake. Niliiacha chupa kwenye ukuta wa zizi nikanywa chai. Niliporudi mistari ilikuwa imejipanga: juu dizeli ya dhahabu, katikati utando kama ukoko wa uji, na chini maji ya vidole viwili, na ndani yake punje za kutu zinazunguka. Muuzaji alikuwa ameniambia gari halijawahi kusumbua, na nadhani alisema kweli. Lilikuwa linangoja mimi.

Fanya hivyo siku ya kwanza, weka filta mpya, kisha toa maji kila mwezi, na kila unapoona taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi. Filta ibadilishwe kila kilomita 10,000 kwa mazingira yetu. Ukiweka filta mpya, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha. Ukilazimisha starta kuvuta hewa, unaua betri na starta kwa pamoja.

Kama chupa yako ya kwanza imeonyesha uchafu kama wangu, shusha tangi lioshwe. Ni kazi ya nusu siku. Filta mpya juu ya tangi lenye tope itaziba ndani ya wiki mbili.

Dizeli ya kituo gani ni nzuri?

Kinachouza sana. Tangi la kituo chenye foleni halilali na maji chini. Usijaze wakati lori la mafuta linashusha, kwa kuwa linavuruga mashapo. Na huku baridini, jaza tangi jioni. Tangi tupu hutoa jasho ndani usiku.

Kuhusu mafuta ya taa: zamani uchakachuaji ulikuwa biashara kwelikweli kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Tanzania, EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa yakaribie dizeli. Hali imepungua. Lakini dizeli ya kwenye madumu kando ya njia bado ipo, na hujui dumu lilibeba nini jana. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli. Injini itawaka, itatembea, na pampu itakuwa inajila yenyewe kimyakimya.

Tangu Januari 2015 kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa nyingi huzaa asidi ndani ya oili, ndiyo maana wazee walimwaga oili mapema sana. Hiyo imepungua; vumbi halijapungua.

Nozeli zangu nitajuaje kama ni nzima? Bei yake inanitisha.

Inatisha kweli. Nozeli nne za D-4D mpya zinaweza kukufanya utamani kuliacha gari barabarani. Kwa hiyo pima kabla ya kununua, na usikubali fundi aanze kubadilisha kwa kubahatisha.

Kipimo cha kwanza ni cha marejeo. Fundi anachomoa vimipira vya juu vinavyorudisha dizeli, anaunganisha kila nozeli na kichupa chake, gari linaunguruma taratibu kwa dakika chache. Vichupa vinne vikikaribia kulingana, salama. Kimoja kikijaa wakati vingine viko nusu, umeshajua mgonjwa ni nani. Cha pili ni mashine: inaonyesha kompyuta inamwongezea au kumpunguzia nani mafuta ili injini itulie. Injini ikiwa inapanda na kushuka yenyewe, au inazima ukiachia mafuta, usikimbilie nozeli. Mara nyingi ni kile kivavu kidogo cha umeme kwenye pampu kinachopima dizeli inayoingia, na bei yake ni ya kibinadamu.

Halafu kuna jambo la washa. Chini ya kila nozeli kuna washa, yaani pete nyembamba, inayozuia moto wa silinda usipande. Kwenye 1KD na 2KD washa hizo zikichoka, moshi wa mwako huingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na vipande vya masizi vinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Siku moja taa ya oili inamulika kwenye kona, na ukichelewa kuzima, injini imekwenda. Kwa hiyo, kama ni Vigo na hujui historia yake, mwambie fundi ashushe sampu ya chini aangalie lile chujio. Nimeona moja lililozibwa na vipande vyeusi kama mkaa wa jiko, limebakiza matundu ya kuhesabu. Ukikuta hivyo, washa za nozeli zibadilishwe zote, na washa iliyofunguliwa hairudishwi hata ikionekana nzima.

Ukilazimika kuweka nozeli mpya, namba zilizochorwa kichwani mwake lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Asubuhi ya baridi inagoma, mchana inawaka yenyewe. Betri?

Inaweza kuwa betri. Dizeli inataka betri kubwa, N70 kwa Hilux, na watu huuza gari wakiwa wameweka betri ya gari dogo. Pima betri kwanza. Ikiwa starta inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, inatoa moshi mweupe halafu inashika kwa kutetemeka, hapo ni plagi za kupasha, zile mafundi wanazoziita hita. Fundi wa umeme anazipima moja moja kwa dakika kumi. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi na plagi mbili zilizokufa asijue. Makete mwezi wa saba utajua saa kumi na moja alfajiri.

Usikubali gari la kupuliziwa dawa ya kuwashia kwenye filta ya hewa kila asubuhi. Huo mlipuko unavunja pistoni.

Fundi anataka kutoa themostati ili gari lisichemke. Nimruhusu?

Hapana. Sijui ni nani aliyeanzisha mchezo huu, lakini umeenea toka Tunduma hadi Mombasa. Themostati iliyokufa inabadilishwa, haitolewi. Bila themostati injini inakaa baridi: inakula mafuta zaidi, oili inabaki na unyevu, silinda zinachakaa. Nawe hutajua rejeta ilikuwa imeziba, kwa kuwa tatizo umelificha mpaka siku utakapopanda mlima Kitonga na mzigo.

Gari jipya kwako: mwaga maji yote. Yakitoka ya rangi ya kutu, suuza mpaka yatoke meupe. Jaza kuleanti, dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chokaa. Maji ya kisima huacha magamba ndani ya rejeta kama yale ya kwenye birika. Usichanganye kuleanti za rangi mbili usizozijua. Badilisha mfuniko wa rejeta, ni kitu kidogo sana na ndicho kinachoshika presha. Injini ikiwa imezimwa na ni ya moto, jaribu kuzungusha feni kwa mkono: ikizunguka bwerere kama pangaboi, klachi ya feni imekwisha.

Mapovu yanayochemka kwenye rejeta injini ikiwa bado ya baridi ni habari mbaya. Hiyo ni gasketi au silinda hedi.

Moshi unasema nini?

Mweusi wakati wa kupanda mlima na mzigo: hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Anza na filta ya hewa na mipira ya tabo (kile kinachosukuma hewa kwenye injini) iliyochanika. Wa bluu ni oili inayoungua, pengine tabo, pengine ringi za pistoni. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Mweupe usioisha, na maji ya rejeta yanapungua, rudi aya iliyotangulia.

Filta ya hewa ya karatasi haioshwi kwa maji. Inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na baada ya mara chache inatupwa.

Gia boksi na difu zina haja gani, mbona hazivuji?

Hazivuji, lakini zinavuta. Pikapu ikivuka mto ikiwa ya moto, difu inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia kipumulio chake. Fungua uone: oili ikiwa ya maziwa, badilisha na uangalie kipumulio kama hakijaziba.

Sheria moja ya thamani: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Nimewahi kumwona kijana anamwaga oili yote ya gia boksi, halafu nati ya kujazia ikagoma kabisa, imekula kutu. Gari likalala hapo juu ya mawe siku mbili.

Kwenye Hilux ya nne kwa nne, inayovuta kwa magurudumu yote, kuna oili sehemu nne: gia boksi, transfa, difu ya nyuma na difu ya mbele. Ile ya mbele husahauliwa miaka. Krosi za propela zina chuchu za grisi. Pampu mpaka grisi mpya ichungulie. Na mara moja kwa mwezi ingiza nne kwa nne kwenye barabara ya vumbi, utembee kilomita chache, ili vyuma visikwame. Kwenye lami kavu usiingize. Mfumo huu hauna difu ya katikati, utasikia gari linajibana kwenye kona.

Nataka kuongeza majani ya springi nibebe lumbesa. Kuna ubaya?

Kuna jambo wengi hawalijui. Nyuma ya Hilux, juu ya ekseli, kuna kifimbo kinachounganisha ekseli na vavu ya breki. Mzigo ukiongezeka, nyuma inashuka, kifimbo kinasukumwa, breki za nyuma zinapewa nguvu. Ukiongeza majani, nyuma inainuka, vavu inadhani gari ni tupu, na breki za mbele zinabaki kufanya kazi peke yake. Sasa fikiria uko juu ya Kitonga, umebeba magunia, unateremka. Kama umeinua gari, kifimbo kirekebishwe. Na kama kimefungwa kwa waya, au kimekatwa kabisa, na hilo utalikuta, kitengenezwe kwanza.

Pikapu ya namna hii imeundwa kubeba karibu tani moja, abiria wakiwemo. Gunia halali halizidi kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, hakuna anayelipima, ndiyo maana inaitwa lumbesa. Hesabu wewe mwenyewe. Mwaga mafuta ya breki ya zamani uweke DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema, fungua ngoma za nyuma zisafishwe vumbi, na uangalie kama silinda ndogo hazivuji. Mteremkoni shuka kwa gia ndogo.

Yangu ni Hilux ya 2018 kutoka Japani. Haya yote yananihusu?

Mengi, lakini wewe una mengine. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017, ndiyo maana Vigo zilizopo huku hazitoki Japani: ni za hapahapa, Uingereza, Thailand au Afrika Kusini. Ya kwako ni 2GD ya 2.4, ina mnyororo na ina chujio la masizi kwenye ekzozi. Chujio hilo hujichoma lenyewe gari likitembea kwa mwendo wa kutosha. Ukilitumia kwenda sokoni na kurudi tu, litaziba. Lipeleke safari ndefu angalau mara moja kwa wiki mbili, na kama linajichoma usilizime katikati. Oili yake ni ya majivu machache, kama ile yenye daraja la JASO DL-1. Ile 15W-40 ya hapo juu isiingie.

Spea ninunue wapi, na nitajuaje si feki?

Dar es Salaam watu huenda Gerezani, Kariakoo. Nairobi ni Grogan na Kirinyaga Road. Nenda na namba ya injini iliyopigwa kwenye chuma, usiende na jina la gari, kwa sababu pikapu nyingi zimebadilishwa injini. Linganisha pia na kadi ya gari kabla hujahamisha umiliki. Zikitofautiana, hilo ni tatizo la muuzaji, lisiwe lako.

Filta feki utaijua kwa uzito na kwa karatasi ya ndani iliyolegea. Nikiwa na shaka naikata ile ya zamani kwa msumeno nione imefanya kazi gani.

Tairi je?

Soma tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri ya kuangalia yenye miaka kumi ni ya kufungia bembea ya watoto.

Niandike wapi yote haya?

Daftari la shule la kurasa 48, linakaa kwenye kisanduku cha dashibodi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Ukurasa wa kwanza wa hilo langu unasema hivi: "Km 148,610 (za uongo). Oili lita 7, filta ya oili, filta ya dizeli, maji vidole viwili. Mkanda na bereng'i mbili. Sampu imefunguliwa, chujio safi. Themostati HAIPO, imerudishwa. Difu ya mbele: nati imegoma, irudiwe Jumamosi."